Mkono Unaoshika Barakoa: Gesi ya Maumivu na Hofu ya Uraibu kwa Wenye Selimundu

Anayevuta gesi hii ya kutuliza maumivu analindwa na mkono wake mwenyewe. Nesi hamfungi barakoa usoni. Anamkabidhi, anamwelekeza avute pumzi taratibu, na mgonjwa anaishikilia juu ya pua na mdomo. Gesi ikimzidi, usingizi unamnyemelea, mkono unalegea, barakoa inaanguka, na baada ya pumzi chache za hewa ya chumba anazinduka. Huchukua kama dakika tatu maumivu kuanza kupoa. Akiacha kuvuta, dakika chache baadaye gesi imeshatoka mwilini kwa njia ileile iliyoingilia, yaani mapafu. Hakuna sindano, wala kidonge cha kusubiri kiyeyuke tumboni.

Ndani ya mtungi kuna nusu oksijeni na nusu naitrasi oksaidi, ile inayojulikana mitaani kama gesi ya kucheka. Uingereza wanaifahamu kwa jina la Entonox, na akina mama wengi waliojifungulia huko wameivuta leba. Ufaransa huitwa MEOPA. Katika nchi zote mbili, mtu mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema, akibanwa na maumivu akaita gari la wagonjwa, mara nyingi barakoa hiyo ndiyo nafuu ya kwanza anayoipata.

Na katika nchi hizohizo umezuka ubishi mzito: je, hospitali zinatengeneza waraibu? Wapo wagonjwa wanaoomba gesi saa baada ya saa, siku baada ya siku, na wanaohamaki mtungi ukiondolewa. Upande mmoja wamesimama madaktari walioona miguu ya vijana ikifa ganzi kwa sababu ya gesi hii. Upande wa pili wamesimama wagonjwa waliochoka kutazamwa kama wavuta unga kila wanapolia kwa maumivu.

Ubishi huu hauko mbali na sisi. Ufaransa ina watu wapatao 30,000 wenye selimundu, wengi wao wakiishi Paris na vitongoji vyake au katika visiwa na maeneo ya ng'ambo yaliyo chini ya Ufaransa. Asili yao ni Afrika Magharibi, Antili (visiwa vya Karibi), Kongo na Komoro. Mayotte, ambako watu huzungumza Kimaore, lugha ndugu ya Kiswahili, ni sehemu ya Ufaransa na selimundu ipo huko. Kwa hiyo mkono unaoshika barakoa katika wodi ya Paris unaweza kuwa wa mtu aliyezaliwa na wazazi wa Bukavu, Lubumbashi au Moroni. Wenye selimundu ni watu wetu, na wanavyohukumiwa huko kunatugusa.

Niseme mapema ninaposimama. Hatari ipo, na ni kubwa kuliko wagonjwa wengi wanavyoambiwa. Lakini nadhani mjadala wenyewe umeanzia mahali pasipostahili. Unaanza na tabia ya mgonjwa, ilhali ulipaswa kuanza na saa ya ukutani: mgonjwa alifika saa ngapi, na dawa ya kumtosha ilifika saa ngapi?

Kwanza maumivu yenyewe, maana bila kuyaelewa mengine yote ni porojo. Selimundu hutokana na badiliko moja dogo katika himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Chembe nyekundu ya damu iliyopaswa kuwa laini na ya mviringo hugeuka ngumu, ikapinda kama mundu, na chembe za namna hiyo zikishakwama pamoja kwenye mishipa midogo, sehemu ya mwili iliyo mbele yake hukosa oksijeni. Mfupa unaokosa damu unauma kwa namna ambayo hata mama aliyezaa mara tano anaweza kukosa cha kuulinganisha nacho. Watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa watu wazima 232 daftari za kuandika hali yao kila siku, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba walikuwa na maumivu katika zaidi ya nusu ya siku zote zilizoandikwa. Siku walizokwenda kutafuta huduma hospitalini zilikuwa asilimia 3.5 tu. Yaani anayefika mapokezi akijikunja ni mtu ambaye kwa kawaida huvumilia nyumbani. Amekuja kwa sababu kuvumilia kumeshindikana.

Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa selimundu msemo huu una uzito wa kitabibu, kwa sababu hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoweza kumwonyesha daktari kiasi cha maumivu ya siku hiyo. Ushahidi ni mdomo wa mgonjwa. Akishakuwa haaminiki, hana kingine cha kutoa.

Sasa gesi inaingia hapa kwa sababu nzuri. Mishipa ya mkononi ya mtu aliyechomwa sindano tangu utotoni huwa imechoka. Nesi anaweza kutafuta mshipa mara nne au tano bila kupata. Mtoto anapiga kelele. Gesi inampa nesi nafasi ya kuweka dripu, na inampa mgonjwa dakika za kupumua wakati mofini, dawa kali ya maumivu, inaandaliwa. Kwa kazi hiyo fupi, sioni sababu ya kuipinga.

Tatizo linaanza pale kazi fupi inapogeuka kuwa ndefu. Sifa zilezile zinazoifanya gesi ipendeke ndizo zinazoifanya iwe na mtego. Dawa inayopanda haraka na kushuka haraka huufundisha ubongo kuitaka tena mapema. Ndivyo ilivyo kwa nikotini ya sigara pia. Maumivu ya mfupa yanadumu siku nyingi, gesi inadumu dakika. Kila barakoa inaposhushwa maumivu yanarudi palepale, na mkono unapanda tena. Zaidi ya kutuliza, gesi inalegeza hofu na kumfanya mtu ahisi anaelea, wakati unapotea. Kwa kijana ambaye maisha yake yamekatwa vipandevipande na kulazwa hospitali, dakika chache za kutokuwepo ni kitu kikubwa. Sitashangaa akizitaka hata siku ambayo mfupa umetulia, na hapo ndipo uraibu wenyewe unapoanzia, wala hatuna haki ya kuukana kwa kuwahurumia.

Mamlaka za Ufaransa hazikulala. Maelezo rasmi ya MEOPA yanasema mtu asivute mfululizo zaidi ya dakika 60 kwa siku, na kama inarudiwa kila siku, isizidi siku 15. Shirika la dawa la nchi hiyo, ANSM, limetoa maonyo kuhusu matumizi mabaya na utegemezi. Jambo ninalotaka msomaji alishike ni kwamba maonyo hayo yanawataja pia wafanyakazi wa afya wenyewe, wanaojivutia gesi kazini.

Kwa nini mipaka mikali hivyo kwa gesi inayopewa hata mama mjamzito? Jibu liko kwenye vitamini B12. Katikati ya vitamini hii kuna punje ya madini ya kobalti, na naitrasi oksaidi huiharibu punje hiyo hata vitamini ikashindwa kufanya kazi. Mwili unaihitaji B12 kutengeneza damu, na unaihitaji kutunza utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Utando ukichubuka kwenye uti wa mgongo, taarifa hazisafiri. Vidole vya miguu vinaanza ganzi. Mtu anahisi anakanyaga godoro badala ya sakafu. Anayumba gizani au akifumba macho, kwa kuwa miguu haimwambii tena iko wapi. Wengine wakiinamisha shingo wanasikia kama shoti ya umeme ikiteremka mgongoni.

Haya si mapya. Mwaka 1956 madaktari wa Denmark waliripoti wagonjwa wa pepopunda waliowekwa kwenye gesi hii kwa siku kadhaa mfululizo, na uboho wao ukaacha kutengeneza chembe za damu inavyopaswa. Mwaka 1978 ikachapishwa taarifa ya watu 15 waliopata madhara ya neva baada ya kuvuta naitrasi oksaidi kwa muda mrefu, na 14 kati yao walikuwa madaktari wa meno. Mwaka 1999 madaktari wa Uingereza wakaandika kuhusu madhara ya neva kwa wagonjwa wa selimundu waliotumia gesi kwa maumivu.

Nikiri kwamba takwimu ya madaktari wa meno ndiyo iliyonifanya nitulie na kulitafakari jambo hili upya. Watu walionaswa na gesi hiyo walikuwa wasomi wenye taaluma yao, si wagonjwa wanaotiliwa shaka. Walichokuwa nacho ni bomba la gesi karibu na mkono wao kila siku. Uraibu wa gesi hufuata upatikanaji na muda, kwa yeyote. Anayeuona kama tabia ya wagonjwa wa aina fulani hajaisoma historia yake.

Hata hivyo, mwenye selimundu ana hatari ya ziada ambayo daktari wa meno hakuwa nayo. Wagonjwa wengi wa selimundu hupewa folik asidi kila siku, na kwa sababu njema: mwili wao unatengeneza damu mpya kwa kasi na unaimaliza haraka. Lakini folik asidi inaweza kuficha dalili za damu za upungufu wa B12 huku neva zikiendelea kuharibika chini kwa chini. Tena, kwa mtu ambaye damu yake ni pungufu tangu azaliwe, nani atashtuka ikipungua kidogo zaidi? Na akisema miguu haina nguvu, daktari atafikiria kiharusi, au atafikiria kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu, mambo yanayowapata kweli watu wenye selimundu. Gesi inafikiriwa mwisho. Pia kipimo cha kawaida cha B12 kinaweza kurudi na jibu zuri, kwa sababu kinahesabu vitamini iliyopo bila kujua kama inafanya kazi. Homosisteini, kemikali ya damu inayopanda B12 isipofanya kazi, ndiyo inayotoa siri. Na homosisteini ikiwa juu, uwezekano wa damu kuganda unaongezeka, kwa mtu ambaye tayari anaandamwa na hatari hiyo.

Kwa hiyo daktari anayesema "hapana, leo gesi imetosha" anaweza kuwa anaiokoa miguu ya mgonjwa. Wapo walioachishwa gesi mapema, wakachomwa sindano za B12, wakarudi kutembea vizuri. Wapo waliobaki na ganzi na kuyumba. Nawaomba wanaowatetea wagonjwa, nami nikiwa mmoja wao, tusiipite haraka aya hii kwa sababu haitusaidii katika hoja yetu.

Ila sasa tuugeukie upande wa pili, na huko kuna mengi ya kusema.

Kuna mambo matatu ambayo wodini yanatupwa kwenye kapu moja la "uraibu". La kwanza ni mwili kuzoea dawa, kiasi kilichotosha jana kisitoshe leo. La pili ni mwili kudai dawa inapokatwa ghafla. Haya mawili humpata karibu kila anayetumia mofini kwa muda, hata bibi wa miaka 80 mwenye saratani, na ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5 wa mwaka 2013, unasema hayahesabiwi kuwa dalili za uraibu kwa mtu anayetumia dawa ya aina hiyo kama alivyoandikiwa chini ya uangalizi wa daktari. La tatu ndilo uraibu: mtu kushindwa kujizuia, kuendelea kutumia huku akiona dawa inamharibia maisha, kuitaka kwa ajili ya dawa yenyewe. Mgonjwa anayejua jina la dawa yake, kipimo chake, na mshipa gani bado unapitika, anaonekana mjuaji kupita kiasi na anatiliwa shaka. Kwa mwenye kisukari, ujuzi huohuo tungeusifu.

Mwaka 1989 madaktari wawili wa Marekani walibuni neno la kueleza tabia zinazofanana na uraibu lakini zinazosababishwa na maumivu yasiyotibiwa: mgonjwa anahesabu saa, anapiga kelele, anatia chumvi, kwa kuwa amejifunza kwamba asipofanya hivyo hapati. Akitulizwa ipasavyo, tabia hizo hukoma. Mtu aliyekaa na mgonjwa wa selimundu atalitambua jambo hili mara moja. Lakini haki itendeke: wazo hilo lilijengwa juu ya mgonjwa mmoja tu, kijana wa miaka 17 mwenye saratani ya damu, na mmoja wa waliolibuni baadaye alifanya kazi katika kampuni iliyouza OxyContin, kidonge cha maumivu cha jamii ya mofini. Wauza mofini za viwandani walilitumia wazo hilo kuwaambia madaktari waongeze dozi kila mgonjwa anapoonyesha dalili za kunaswa, na Marekani imelipa gharama kubwa ya maisha. Nalitumia wazo hili kwa tahadhari, basi. Nalitumia kama swali la kwanza kabla ya kumpachika mtu jina: je, ametulizwa vya kutosha?

Mara nyingi jibu ni hapana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa wagonjwa wa selimundu walisubiri kwa asilimia 25 zaidi ya wagonjwa wengine katika vitengo vya dharura, na asilimia 50 zaidi ya waliovunjika mifupa mirefu. Uingereza, mwongozo wa mwaka 2012 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unataka mgonjwa wa selimundu mwenye maumivu makali apewe dawa ndani ya dakika 30 tangu afike, apimwe maumivu kila baada ya dakika 30 hadi apate nafuu, na achukuliwe kuwa mjuzi wa ugonjwa wake mwenyewe. Ni maneno mazuri. Mwezi Aprili 2019, kijana wa miaka 21 mwenye selimundu, Evan Nathan Smith, akiwa amelazwa katika hospitali moja ya kaskazini mwa London, alipiga simu ya dharura 999 kutoka kitandani kwake akiomba oksijeni. Alifariki. Uchunguzi wa kifo chake mwaka 2021 uliona kwamba huenda asingefariki kama angetibiwa mapema, na mwishoni mwa mwaka huohuo kundi la wabunge lilitoa ripoti ndefu iliyoeleza wahudumu wasiofunzwa kuhusu selimundu, maumivu yasiyoaminiwa, na ubaguzi wa rangi.

Naleta habari ya kijana huyu katika mjadala wa gesi kwa sababu moja. Hofu ya uraibu na tabia ya kutoamini hukaa nyumba moja. Ukimpa wodi yenye haraka, uchovu na ujinga wa selimundu taarifa kwamba "hawa wanazoea gesi", taarifa hiyo haibaki kwenye gesi. Inahamia kwenye mofini, inahamia kwenye oksijeni, mwishowe inahamia kwenye kengele ya kumwita nesi.

Mazingira ya nje yanaongeza mzigo. Vijana wa Ulaya wamekuwa wakivuta naitrasi oksaidi kwenye maputo, na serikali zimejibu: Ufaransa ilipiga marufuku kuwauzia watoto mwaka 2021, Uholanzi ikaizuia Januari 2023, na Uingereza ikaiweka kwenye orodha ya dawa za kulevya za daraja C tarehe 8 Novemba 2023, matumizi ya hospitali yakiachwa halali. Sheria hizo zina sababu, maana neva zinaharibika vilevile ukivuta kwenye puto. Lakini sasa mgonjwa anayenyoosha mkono kuomba barakoa ananyoosha mkono kuelekea kitu ambacho magazeti yanakiita janga la mitaani. Hata kama sheria haimgusi, macho yanamgusa.

Tukiweka pande hizi mbili mezani, nadhani wanaogombana wanazungumzia vipimo viwili tofauti vya muda. Mkono unaoanguka ni ulinzi wa dakika. Unamzuia mtu asivute hadi apoteze fahamu. Hauwezi kumzuia asivute kwa muda wa saa nne leo, muda huohuo kesho na wiki nzima ijayo, kwa kuwa kila mara akizinduka maumivu yako palepale na barakoa iko kifuani. Kwa ulinzi wa siku na wiki anahitajika mtu mwingine, na huyo mtu ni hospitali. Hospitali inayomwachia mgonjwa mtungi asubuhi hadi jioni kwa kuwa wodi imezidiwa na mofini inataka saini mbili, kisha baada ya mwezi ikamwandika kwenye faili kuwa mraibu, imemwachia mgonjwa kazi yake halafu ikamlaumu kwa kuifanya vibaya.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodai gesi iondolewe kabisa kwa wenye selimundu. Kuiondoa ni rahisi na hakugharimu kitu, na ndiyo sababu naogopa itachaguliwa. Mgonjwa atabaki na dakika zilezile za kusubiri, safari hii bila chochote. Lakini natofautiana pia na wanaosema mgonjwa apewe kadiri anavyoomba, kwa kuwa neva za miguu hazijui kama aliyevuta alikuwa na maumivu ya kweli. Gesi iwe daraja la kuvukia: ndani ya gari la wagonjwa, wakati wa kutafuta mshipa, hadi mofini ianze kazi. Dakika ziandikwe, zijumlishwe kwa siku na kwa mwezi, pamoja na zile alizovuta hospitali nyingine. Mgonjwa aambiwe tangu mwanzo, kwa lugha anayoielewa, kwamba mpaka huo ni wa kulinda uti wake wa mgongo. Watu huelewa wakielezwa. Wanachokiona kama dharau ni kunyang'anywa bila neno. Na kwenye karatasi hiyohiyo ya dakika za gesi, iandikwe saa mofini ilipotolewa.

Vipi yule ambaye ameshanaswa? Wapo, na ndio wanaosahaulika na pande zote mbili, kwani upande mmoja unawataja kama ushahidi na mwingine unaona aibu kuwataja. Ana magonjwa mawili. Uraibu haukuyafuta maumivu yake, na maumivu hayaufuti uraibu. Kumkatia gesi ghafla bila kumpa dawa nyingine ya kutosha ni kumsukuma kwenye mitungi inayouzwa mitaani, ambayo haina ile nusu ya oksijeni. Anahitaji daktari wa damu na mtaalamu wa uraibu waongee wao kwa wao kabla ya kuongea naye, mpango ulioandikwa wa dawa za maumivu ambao kila zamu itaufuata, sindano za B12, na matibabu ya selimundu yenyewe: dawa ya haidroksiyurea, au kubadilishiwa damu kwa anayestahili, ili vipindi vya maumivu vipungue. Kila kipindi kisichotokea ni barakoa isiyoombwa. Huku nako mambo hayajanyooka, maana mwezi Septemba 2024 dawa ya voxelotor, iliyokuwa imeleta matumaini, iliondolewa sokoni duniani kote na kampuni yenyewe, na wagonjwa waliokuwa wakiitumia wakabaki na machaguo yaleyale ya zamani.

Mtu wa Mwanza au Gulu anaweza kusoma haya yote akauliza yeye yanamhusu nini. Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka. Uganda, uchunguzi wa watoto nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 wamebeba kinasaba chake. Wengi wa watoto hawa hawatawahi kuiona barakoa hii. Hospitali chache katika miji mikubwa zina gesi hiyo. Kwetu tatizo la maumivu ni ukame. Mama anakaa usiku kucha akimkanda mtoto kwa maji ya moto, akimpa panado, akingoja kukuche.

Lakini mitungi itakuja, kama vifaa vingine vilivyokuja. Itafika mahali ambapo kipimo cha homosisteini hakipo katika maabara nyingi, na ambapo familia nyingi hazili nyama, samaki wala maziwa mara kwa mara, vyakula ambavyo ndiyo chanzo cha B12. Neva za watoto wetu zinaweza kuanza safari hiyo zikiwa na akiba ndogo kuliko za watoto wa Paris. Kwa hiyo mpaka wa dakika ni wa lazima zaidi kwetu, na kadhalika dawa ya kuipokea gesi baada ya dakika hizo kwisha.

Dawa hiyo ipo tayari jirani. Mofini ya maji ya kunywa imetumika Uganda tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, kwanza kwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, na ilibidi kwanza kupambana na hofu ileile tunayoizungumzia, kwamba watu watanaswa. Inatengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji, serikali inaitoa bila malipo, na tangu mwaka 2004 nesi aliyefunzwa kazi hiyo anaruhusiwa kisheria kumwandikia mgonjwa mwenyewe, bila kumsubiri daktari.